Kugawa vitu vya mama angali hai: tulikosea wapi, tukajirekebisha vipi

Binti Ngamiani (mtoa mada)

Ndugu zangu wa jukwaa, mwaka jana nilitafuta mahali palipoandikwa kwa Kiswahili juu ya jambo hili nisipaone, nikalazimika kujifunza kwa kukosea. Sizungumzii mirathi, kwa kuwa mirathi ina masheikh na mahakama zake. Nazungumzia vitu vya mzazi aliye hai, anayekumbuka kila sahani ilinunuliwa kwa nani, ila umri umemlazimisha kuhama nyumba kubwa na kwenda kukaa katika chumba kimoja kwa mwanawe.

Mama yangu ana miaka 83. Ameishi Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zetu za namba, tangu alipoolewa mwaka 1962, na kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa fundi wa nguo hapo hapo barazani kwake. Baba alifariki zamani. Baada ya mama kuanguka mara mbili uani usiku akielekea chooni, tulikubaliana sisi wanawe wanne, na yeye mwenyewe akaridhia, kwamba ahamie Chumbageni kwa mdogo wetu wa mwisho na nyumba ya Ngamiani ipangishwe. Chumba alichotengewa ni kizuri na kina choo ndani, lakini kinaingiza kitanda, kabati moja na sanduku moja, basi. Nyumba aliyotoka ina vyumba sita na stoo, na katika vyumba vinne kati ya hivyo ulikuwa ukiingia kwa ubavu.

Mimi ni mwalimu, nilikuwa likizo ya mwezi wa Juni, na kwa kuwa kaka yetu yuko Dar es Salaam na dada yetu yuko Muscat, kazi iliniangukia mimi. Siku ya kwanza niliifanya kama ninavyopanga stoo ya shule. Nilinunua viroba ishirini, nikabandika karatasi ukutani za vitu vya kubaki, vya kutoa na vya kutupa, nikaanza. Hadi magharibi viroba tisa vilikuwa vimejaa na kufungwa kamba. Mama alikaa barazani siku nzima na tasbihi yake bila kusema neno, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni ridhaa.

Asubuhi nilipofika nilikuta viroba vyote tisa vimemwagwa na kila kitu kimerudishwa mahali pake, hata chupa za dawa ya kikohozi zilizokauka, na mama mwenyewe ameketi juu ya kibao cha mbuzi katikati ya jiko, ameishiwa nguvu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, kwani mmeshanizika?"

Swali hilo lilinikalisha chini. Kwetu nguo za mtu hutolewa sandukuni na kugawiwa baada ya msiba wake kumalizika. Mama amekaa kwenye mikeka ya misiba isiyo na idadi, na amepokea kwa mikono yake kanga za mashoga zake waliotangulia. Alipoona za kwake zinafungwa kwenye viroba naye ameketi barazani anatazama, alielewa kile ambacho mtu yeyote wa mtaa wetu angeelewa. Tena kulikuwa na kosa la pili ambalo sikuliona siku hiyo, nalo ni kwamba nilikuwa nimemnyang'anya kazi ya kutoa. Mwanamke huyu amekuwa akitoa maisha yake yote, anajua nani apewe nini na kwa siku gani, na mimi nilikuwa nikitaka vitu vyake viende kwa "wahitaji", yaani kwa watu asiowajua, vikiwa vimebebwa na bodaboda.

Tukaanza upya kwa masharti yake. Yeye anakaa, mimi nainua kitu kimoja kimoja, yeye anasema. Hakuna kitakachotoka nje ya mlango bila kutoka mkononi mwake, na anayepewa lazima aje mwenyewe. Nguo yoyote ifuliwe, ikauke juani, kisha ifukizwe udi kwenye chetezo kabla ya kuvuka kizingiti, kwa sababu, kwa maneno yake, jasho la mtu halitolewi sadaka. Kwa mwendo huo chumba cha kwanza pekee kilituchukua siku nne.

Jambo la kwanza aliloniamuru halikuwa kutoa bali kurudisha. Kwenye kabati la kazi, chini ya mabaki ya lasi na vifungo, kulikuwa na vitambaa kumi na moja vya wateja ambao hawakurudi kuchukua nguo zao. Kila kimoja kilikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini, chenye vipimo vya kifua, kiuno na urefu kwa mwandiko wa mama, lakini bila jina, kwa kuwa majina alikuwa nayo kichwani. Kile cha zamani kuliko vyote kilikuwa cha mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tano. Nilipoinua kitambaa cha kwanza, cha rangi ya majani chai, akasema huyu ni binti wa mwuza samaki wa Barabara ya Kumi na Tatu, alikuwa anaolewa, harusi ikavunjika, akaona haya kuja. Cha pili kilikuwa cha mwanamke aliyehamia Pangani na kufia huko. Aliwakumbuka tisa kati ya kumi na mmoja.

Ilinichukua wiki mbili kuwatafuta, kwa kuuliza misikitini, sokoni na kwa wazee wenzake. Tuliwapata watano wakiwa hai. Yule wa harusi iliyovunjika ni bibi mwenye wajukuu. Alikuja, akakipokea kitambaa chake, akakifunua mapajani, wakacheka yeye na mama mpaka machozi yakawatoka, kisha wakafunga mlango wakazungumza saa nzima mambo ambayo mimi sikuambiwa. Vitambaa vya waliofariki tuliwapelekea watoto wao. Viwili ambavyo wenyewe hawakukumbukwa, mama aliamuru viuzwe na fedha yake itolewe sadaka kwa niaba ya wenyewe.

Nawashauri mno muanze hapo. Katika nyumba ya mzee, sehemu ya mnavyoviona kuwa ni vyake ni amana. Yale masufuria makubwa ya shughuli, ambayo kaka alikwishawaahidi watu, yalikuwa ya kikundi cha akina mama wa mtaa. Mama aliyahifadhi tu kwa kuwa alikuwa na stoo. Kama yangeondoka ule usiku wa kwanza, tungekuwa tumegawa mali ya wanawake ishirini na wawili.

Sasa nije kwenye kanga, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Tulihesabu doti sabini na moja, nyingine bado hazijakatwa wala kupindwa. Macho ya mama hayasomi tena, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuitandaza kanga, kumweleza pindo na mji wake, yaani sehemu ya kati, na kumsomea jina. Yeye husikiliza, hunyamaza, kisha hutaja mtu. "Wema hauozi" ilikwenda kwa muuguzi aliyemfunga jeraha alipoanguka. "Japo sipati tamaa sikati" alicheka, akasema hiyo apewe mpwa wangu ambaye amerudia mtihani mara tatu. Nilipomsomea "Hasidi hana sababu", ambayo ilikuwa mpya kabisa na nzuri kuliko zote, nami kwa ujinga wangu nikapendekeza apewe binti wa mke mwenziwe marehemu, alinitazama kwa muda mrefu, akasema: "Unataka nife na vita?" Kanga hiyo haikupewa mtu. Imekuwa pazia la dirisha la jikoni Chumbageni, jina likiwa limegeuziwa ukutani.

Ningevipeleka viroba vile kwa wahitaji kama nilivyokusudia, ningekuwa nimesambaza barua sabini na moja bila kujua zimeandikwa nini wala zinamfikia nani. Kanga za maombolezo, za arusi, za kumjibu jirani, zote zilikuwa pamoja. Na doti haitenganishwi isipokuwa kwa makusudi: mara tatu aliamuru nikate, kipande kimoja kwa dada na kingine kwa mdogo mtu, ili wakitaka kuivaa kamili wakutane. Kisutu chake cha arusi, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe iliyogeuka kuwa rangi ya maziwa, dada yetu wa Muscat alikiomba kwa simu ya video. Mama alimjibu kwamba bado anakitumia. Hatukuuliza kwa kazi gani.

Vyombo vya jikoni havikuwa na shida. Kinu na mchi vilibaki nyumbani kwa wapangaji, sinia zikaenda kwa wakwe, jiko la mchina likauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na magodoro ya sufi tuliyatoa kwa fundi magodoro ambaye huyafumua na kuyajaza upya. Dawa kuukuu tulizitupa zote, na nasisitiza zisigawiwe majirani hata kama kopo halijafunguliwa.

Kilicholeta ugomvi ni cherehani. Ni Singer nyeusi ya miguu, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia. Kaka aliitaka kwa kuwa kuna watu wa hoteli wanaozinunua wakaweka meza juu ya miguu yake. Mke wa mdogo wetu aliitaka kwa kuwa ndiye atakayemhudumia mama. Mama alimwita msichana wa nyumba ya pili, ambaye alijifunza kwake miaka minne na hana undugu nasi, akamkabidhi mbele yetu sote. Kaka aliposema kwamba kitu cha thamani kama hicho kingebaki katika familia, mama alimpa sindano na uzi, akamwomba atunge. Kaka ana miaka 60 na miwani aliiacha kwenye gari. Aliijaribu mara mbili, akairudisha.

Nitaendelea na suala la karatasi na fedha. Wenye uzoefu tafadhali changieni.

Mwana wa Kibokoni

Dada, pole na pongezi. Huku Mombasa tunaita leso, lakini mengine yote uliyoeleza ndiyo hayo hayo, hata udi. Nataka kuongeza neno juu ya karatasi kabla hujaendelea, kwa kuwa sisi tulifanya kosa ambalo halirekebishiki.

Nyanya yetu alipohamishwa kutoka Mji wa Kale, vijana walikuta sanduku la karatasi zenye herufi za Kiarabu. Hakuna kati yao aliyeweza kuzisoma, wakadhani zote ni kurasa za mas'hafu na juzuu zilizochakaa, na kwa heshima wakazichoma na kuyazika majivu mahali pasafi, kama inavyotakiwa. Nyanya aliposikia alilia siku mbili. Karatasi hizo, au nyingi katika hizo, hazikuwa Kiarabu. Zilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, jinsi wazee wetu walivyoandika kabla na hata baada ya shule za Wazungu. Mlikuwa na barua za babu akiwa baharini, hesabu za minazi ya shamba, na utenzi ambao mama yake nyanya aliutunga kumwusia bintiye. Nyanya aliukumbuka beti chache tu.

Ninyi mlio Tanzania mna bahati ya kuwa na mahali pa kupeleka vitu vya namba hiyo. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka miji ya pwani akikusanya hati kama hizo kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Nyingi zilitoka kwenye masanduku ya akina bibi kama nyanya yetu. Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayesoma ni kwamba asichome wala asizike karatasi yoyote ya herufi hizo kabla ya kumwita mwalimu wa chuo cha Qur'ani au mzee anayezisoma, akae naye, aipitie karatasi moja moja mbele ya mwenyewe. Kilicho Qur'ani kitendewe kama Qur'ani. Kilicho barua ya mapenzi, basi mwenyewe ataamua.

Binti Ngamiani (mtoa mada)

Ahsante sana kaka. Umenigusa, kwa sababu kwetu pia kulikuwa na barua tatu za namna hiyo, na mama alizikunja akazitia ndani ya mto wake kabla sijauliza.

Karatasi nyingine zilikuwa kwenye kopo la biskuti. Humo tulikuta kadi ya TANU ya baba, stakabadhi za kodi ya kiwanja, barua ya toleo la kiwanja chenyewe ambayo kaka alikuwa ameitafuta manispaa kwa miaka sita, na hati mbili za hisa ambazo baba alinunua muda mfupi baada ya Soko la Hisa la Dar es Salaam kuanza mauzo mwaka 1998. Nilikuwa nimelitia kopo hilo kwenye kiroba cha kutupa ile siku ya kwanza, kwa kuwa juu palikuwa na kadi za kliniki za watoto ambao leo wana mvi. Sasa nina kanuni kwamba hakuna karatasi inayotupwa siku ile ile iliyopatikana. Tulitoa nakala za kila kitu, nakala wakapewa watoto wote wanne, na kopo lenyewe akabaki nalo mama.

Chini kabisa ya sanduku kubwa, lile la misumari ya shaba, kulikuwa na furushi. Ndani yake mlikuwa na bafta nyeupe iliyokunjwa vizuri, karafuu maiti katika kichupa, udi kidogo, na noti zilizofungwa kwa uzi wa cherehani, jumla shilingi 260,000. Mama alikuwa amejiwekea sanda yake na gharama zake. Fedha aliikusanya kidogo kidogo kutokana na kushona, akaifunga kama mwaka 2009, na hakuigusa tena, hata ule mwezi aliokosa dawa ya presha na kutuficha.

Noti zote zilikuwa za yale matoleo ya kati ya 1985 na 2003. Benki Kuu ilizipa muda wa kubadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Sisi tulifungua furushi mwezi wa Juni. Redio ilitangaza, mabenki yalibandika matangazo, sisi watoto wake wanne sote tulilijua tangazo hilo, na hakuna aliyewaza kumwuliza mama yake kama ana fedha mahali. Hili nimelisema waziwazi ili asije akakutwa nalo mwingine: mzee aliyezoea kuweka akiba kwenye kitambaa hatakwambia anayo mpaka umwulize kwa upole, mkiwa wawili.

Mzee wa Kihamba

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Nimesoma kwa makini na nakubaliana nawe kwa sehemu, ila naona uzi huu unawafaa wale ambao wazazi wao akili zao zimetulia. Baba yangu yuko Kibosho, ana miaka 88, na ana ugonjwa wa kusahau. Nikifuata njia yako ya kuinua kitu na kumwuliza, kofia yake moja ameshaitoa kwa watu watatu, na wote watatu wamekuja kuidai. Mwezi uliopita alimpa mtu asiyemjua kadi zake za chama cha ushirika wa kahawa, ambazo alikuwa akizitunza tangu ujana wake akiuza kahawa kupitia KNCU. Kesho yake alilia kwamba zimeibwa.

Kwetu Uchagani nyumba ya mzee ina mwenyewe tangu zamani, kwa desturi huenda kwa mtoto wa mwisho wa kiume, kwa hiyo kihamba, yaani shamba la nyumbani, hakina mgogoro. Mgogoro uko kwenye vitu vidogo. Ndugu zangu wanasema nimzuie asitoe chochote. Wengine wanasema tuvigawe wenyewe kimya kimya, kwa kuwa hatajua. Mimi moyo unakataa yote mawili.

Mwanafunzi wa Fiqhi

Amani iwe juu yenu. Nitasema kidogo kwa upande wa Waislamu, kwa kuwa katika simulizi ya dada nimeona mambo mawili yaliyokwenda sawa ambayo familia nyingi huyakosa, na moja la kuangalia.

Anachokitoa mtu akiwa hai na mwenye akili timamu ni hiba. Hiba haifungi mpaka aliyepewa akabidhiwe, ndiyo maana ile hali ya kumwita mtu na kumpa mkononi ina uzito kuliko adabu tu. Anayesema "kabati hilo nimempa fulani" na kabati likabaki pale pale mpaka anafariki, kabati hilo linarudi kwenye mirathi. Akisema apewe baada ya kufa kwake, hapo tumetoka kwenye hiba tumeingia kwenye wasia, nao hauzidi theluthi ya mali wala hauendi kwa mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Na anayetoa akiwa katika maradhi ya mauti, utoaji wake huhesabiwa kama wasia. Watu wetu huvichanganya hivi vitatu, kisha kesi hufika Mahakama ya Mwanzo ikiwa imeshavunja undugu.

La kuangalia ni usawa kati ya watoto. Iko hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alitaka kumpa yeye peke yake zawadi, na Mtume akamwuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Cherehani kwenda kwa msichana wa jirani haina neno lolote, ni sadaka na ni malipo ya uanafunzi. Lakini kama binti mmoja angepewa dhahabu yote kwa kuwa ndiye aliye karibu, nduguze wana haki ya kuuliza.

Kwa ndugu wa Kibosho, ingawa yeye si wa dini yangu, nadhani swali lake linahusu sharti hilo la akili timamu. Kwetu asiye na utambuzi hiba yake haishiki, kwa hiyo wale watatu wa kofia hakuna hata mmoja mwenye haki nayo.

Binti Ngamiani (mtoa mada)

Sheikh, ahsante. Dhahabu ilikuwapo, vipuli na bangili mbili nyembamba, na mama alikwishatutangulia kwa hilo: alimwita sonara akapima uzito, akaziuza zote, akagawa fedha sawasawa. Tulisikitika kwa sababu kila mmoja alitaka kumbukumbu, lakini hakuna aliyepata neno la kusema.

Kaka wa Kibosho, marahaba, na umesema kweli, mama yangu alinirahisishia. Sina jibu kamili, ila nina jirani mwenye mama wa hali kama ya baba yako, nami nimeona anavyofanya. Vitu ambavyo vikitoka havirudi, kama hati, kadi, picha na vitu vya thamani, amevitoa chumbani na kuvihifadhi kwa ndugu mmoja, wote wakijua viko wapi. Mahali pake ameacha nakala, na mama huzishika nakala hizo kila siku. Vitu vingine vyote vimebaki pale pale vilipokuwa, kwa kuwa kila vinapohamishwa yeye hupotea zaidi. Kisha amemwekea kapu la vitu vya kutoa, vitambaa, sabuni, vikombe. Mgeni akija, mama anatoa. Mgeni anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, na wakati wa kuaga anakirudisha kapuni kimya kimya. Mtaa mzima umeshazoea. Kile kikombe cha bluu mimi nimeshapewa mara nne.

Kama kadi za baba yako bado ziko kwa mtu huyo, mfuate uzirudishe, naamini atakuelewa. Na hao wa kofia waambie ukweli.

Mzee wa Kihamba

Mwalimu, ahsante kwa habari ya kapu. Kadi nilizifuata leo na nimezipata zote. Nina swali moja la mwisho. Ile fedha ya sanda iliishia wapi? Kwa maana sisi tungekuwa tumeshaifidia siku ile ile.

Binti Ngamiani (mtoa mada)

Nasi tulifanya hivyo hivyo, kaka, na ndipo tulipokosea tena. Tulichanga sisi wanne, dada akatuma kutoka Muscat siku ile ile, tukampelekea mama shilingi 260,000 katika noti mpya ndani ya bahasha. Aliishika, akaipima kwa mkono, akaturudishia. Alisema sanda anayoinunua mtu kwa jasho lake haifanani na ya kununuliwa, na kwamba kama tuna fedha za kuchezea tumlipie mpangaji bili ya maji.

Wiki iliyofuata alimwita mnunuzi wa samani, akamwuzia kabati la vioo la sebuleni, ambalo sisi tulidhani hangelitoa kamwe kwa kuwa baba alimnunulia alipozaliwa kaka. Walipatana bei barazani, mimi nikiwa nimekatazwa kufungua mdomo, na mama alimpandisha yule kijana mpaka shilingi 280,000. Ile elfu ishirini ya ziada alimpa mbeba mkokoteni.

Sanduku la misumari ya shaba ndilo lililohamia Chumbageni. Ndani yake mna kisutu, kopo la biskuti, ile bafta, na furushi la fedha lililofungwa upya. Ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake. Kila ninapokwenda kumsalimia, tukishakunywa chai, hunifungulia furushi na kunipa noti moja moja nizitazame karibu na dirisha, huku akiniuliza kama hizi bado zinapokelewa.